Nilimcheka Charlotte

Nikiri mapema, wajuzi wa fasihi msije mkanigeuzia kibao baadaye: mimi nilianza na sinema, kitabu kikafuata. Na hata hiyo sinema sikuiona kwenye ukumbi wa maana. Tulikuwa wasichana sita kwenye chumba kimoja cha hosteli, vitanda viwili vimesogezwa vikawa kimoja, kompyuta imewekwa juu ya ndoo iliyogeuzwa kifudifudi. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa moja usiku, tukawa tunaila betri taratibu huku mwenye kompyuta akitukumbusha kila baada ya dakika kumi kwamba ana kazi ya kuwasilisha kesho.

Filamu ilikuwa Pride and Prejudice, ile ya mwaka 2005 iliyoongozwa na Joe Wright. Ikafika pale kwenye mvua. Mnaoijua mmeshajua. Elizabeth kakimbilia kwenye lile jengo la nguzo, kalowa chapachapa. Darcy katokea, naye kalowa, nywele zimemganda kwenye paji la uso, anamwambia anampenda. Sisi kimya. Halafu badala ya kuishia hapo, mwanaume anaanza kueleza jinsi alivyoshindana na nafsi yake, maana ukoo wa binti ni wa hali ya chini na ndugu zake wanatia aibu! Chumba kizima kikaguna. Elizabeth akampasha. Yaani alimpasha mpaka rafiki yangu aliyekuwa amelala ubavuni kwangu akapiga kigelegele. Hapo hapo betri ikaisha.

Ikabidi tusubiri kesho yake. Mimi sikuweza. Asubuhi nikaenda maktaba nikauliza kama wana kitabu cha Jane Austen, nikapewa nakala imechoka, jalada limeshikiliwa na gundi, na kadi ya nyuma inaonyesha hakijaazimwa miaka mingi. Nilikisoma kama mwizi. Nikawa naruka kurasa kumtafuta Darcy, nikimpata nasoma, akiondoka naruka tena. Kiingereza cha mwaka 1813 si mchezo, sentensi inaanza asubuhi inaisha mchana. Lakini nilimaliza, na nikajihesabu kuwa nimesoma.

Sinema yenyewe nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Keira Knightley alikuwa na miaka ishirini ilipotoka, na aliteuliwa kugombea tuzo ya Oscar kwa kazi ile. Matthew Macfadyen ndiye Darcy, na kuna kipande kimoja ambacho kwangu kinashinda maneno yote. Elizabeth anaondoka Netherfield baada ya kumuuguza dada yake, Darcy anamshika mkono kumsaidia kupanda gari la farasi. Basi. Anageuka, anaenda zake, na kamera inatuonyesha mkono wake ukijinyoosha vidole kama mtu aliyeguswa na umeme. Sekunde chache tu, hakuna aliyesema kitu. Ongeza kile kinanda cha Dario Marianelli, uniambie kama hujasimama dirishani usiku ukitazama barabara bila sababu.

Najua wapo watakaosema ule mfululizo wa BBC wa mwaka 1995, sehemu sita, wenye Colin Firth, ndio wenyewe. Sawa, sibishani. Na mama yangu kwa upande wake hataki kusikia habari za hao wote. Yeye anayo Bride and Prejudice ya mwaka 2004, ya Kihindi Kihindi, yenye Aishwarya Rai na nyimbo, iliyoongozwa na Gurinder Chadha, mama aliyezaliwa Nairobi mwaka 1960 na kukulia London. Ile mama yangu hakuhitaji kutafsiriwa. Nyumba yenye mabinti wanne, mama anahangaika kuwatafutia waume wenye uwezo, majirani wanahesabu nani kaolewa na nani bado. Alisema, "Hawa nawajua."

Lakini nilitaka kuzungumzia Charlotte.

Kwa wasioijua hadithi: familia ya Bennet ina mabinti watano na hakuna mtoto wa kiume. Nyumba yao, Longbourn, pamoja na shamba lake, imefungwa kisheria isirithiwe ila na mwanaume, kwa hiyo siku baba akifumba macho kila kitu kinakwenda kwa ndugu mmoja wa mbali aitwaye Collins. Huyu Collins ni mchungaji. Anaongea sana, anajipendekeza kwa wakubwa, na hajui kwamba watu wanamcheka. Katika filamu ameigizwa na Tom Hollander, na ile sehemu ya mezani anapozisifia familia viazi vyao vya kuchemsha ilituua kwa kicheko. Anakuja kutafuta mke. Anamposa Elizabeth, anakataliwa. Ndani ya siku tatu ameshamposa rafiki mkubwa wa Elizabeth, Charlotte Lucas, na Charlotte amekubali.

Kwenye filamu Charlotte anakuja kumweleza Elizabeth akiwa kwenye bembea. Pale hosteli tulipiga kelele kama tumeona nyoka. Yule? Wa viazi? Mmoja akasema, "Njaa mbaya!" Tukacheka sana. Nami nilicheka, tena nadhani mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Miaka ikapita. Rafiki yangu wa kigelegele alihitimu vizuri kuliko mimi. Mimi nikapata nafasi ya kujitolea kwenye chumba cha habari, baadaye nikaajiriwa, yeye hakupata kitu. Alizungusha barua za maombi ya kazi mpaka akajua majina ya walinzi wa mageti. Akawa anafundisha tuisheni watoto wa mtaani, analala sebuleni kwa kaka yake, anaamka saa kumi na moja kabla shemeji zake hawajahitaji kochi. Miaka mitatu ya hivyo. Siku moja akanipigia simu. Akasema, "Nimeposwa, na nimekubali."

Nilikuwa namfahamu mwanaume mwenyewe kwa kumsikia. Alifiwa na mke, ana mtoto mmoja, ana duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Nikasema, "Haiwezekani! Yule mzee wa saruji?"

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Ana miaka arobaini na nne. Si mzee."

Hapo mtu mwenye akili angepongeza, akauliza tarehe. Mimi nikatoa mhadhara. Nilimweleza kuhusu mapenzi, nikamweleza kuhusu kujithamini na kwamba asikate tamaa, na (naona aibu kuandika) nikamtajia Elizabeth na Darcy, kwamba angalia, mwenzetu alikataa mara ya kwanza, akasubiri, akapata. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema atanitumia kadi.

Kadi ikaja. Kicheni pati sikwenda, nilisema nina safari ya kikazi. Nilituma mchango kwa simu. Akajibu, "Asante mwenzangu, Mungu akubariki." Ukipata ujumbe wa namna hiyo kutoka kwa mtu aliyekuwa anakuita majina yote ya utani duniani, unajua.

Mwaka 2025 filamu ile ilitimiza miaka ishirini ikarudishwa kwenye majumba ya sinema huko Marekani, na huo huo ulikuwa mwaka wa 250 tangu Jane Austen azaliwe. Mhariri akataka makala fupi. Nikasema safari hii nisome kwa adabu, bila kuruka. Nikafika pale Charlotte anapomwambia Elizabeth kuwa amechumbiwa na Collins. Mnajua Elizabeth alisemaje? Alipaza sauti kwamba haiwezekani. Neno langu hilo hilo. Nikafunga kitabu nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Niliporudi ndipo nikaona kitu ambacho sinema ilikuwa imenificha. Si kwamba imekosea, la hasha. Kwenye filamu, Charlotte wa Claudie Blakley anajitetea kwa woga. Ana miaka ishirini na saba, hana fedha, ni mzigo kwa wazazi, anaogopa, na anamwomba rafiki yake asimhukumu. Unamwonea huruma. Ila Charlotte wa kitabuni haombi huruma ya mtu. Anaongea kwa utulivu kabisa. Anasema yeye hakuwahi kuwa mtu wa mambo ya mahaba, anachotaka ni nyumba yake ya kukaa kwa raha, na akiangalia tabia ya huyo mwanaume na nafasi yake, haoni kama bahati yake ni mbaya kuliko ya wanaoolewa wengine. Elizabeth ndiye anayehangaika. Anajiona amepoteza rafiki, na moyoni anaamua kwamba hawatakuwa tena watu wa kuambiana siri.

Nilikuwa nimesoma hayo zamani, au labda niliyaruka. Nilikuwa namtafuta Darcy.

Sisi waandishi wa habari tunafundishwa kuuliza fedha zimetoka wapi na zinakwenda wapi. Hebu tuulize hapa. Darcy ana pauni elfu kumi kwa mwaka. Bwana Bennet ana elfu mbili, na zinakufa naye. Kila binti wa Bennet, mama yake akishafariki, atapata pauni elfu moja iliyowekwa kwenye hati za serikali kwa riba ya asilimia nne. Yaani pauni arobaini kwa mwaka. Na hili Collins anamtajia Elizabeth wakati anamposa! Nilipokuwa hosteli niliona ni ujinga wake tu. Sasa naona kwamba mjinga ndiye pekee aliyesema hesabu hadharani. Na hao ni mabinti wa Bennet, ambao angalau wengi wao ni wazuri wa sura. Charlotte, kitabu kinasema wazi, hakuwahi kuwa mrembo.

Halafu nikasoma habari za Austen mwenyewe, na hapa naomba mtulie. Desemba mwaka 1802 alikuwa amebakiza wiki mbili kutimiza miaka ishirini na saba. Akaposwa na Harris Bigg-Wither, kijana mdogo kwake, kaka wa rafiki zake, mrithi wa nyumba kubwa na mashamba. Jioni ile alikubali. Usiku ukapita, na asubuhi akasema hapana, akaondoka. Basi mimi nikasema, haya, si huyu hapa Elizabeth mwenyewe! Lakini endelea. Baba yake akafariki mwaka 1805, na Jane, mama yake na dada yake Cassandra wakawa wanaishi kwa msaada wa makaka, wanahama hama, mpaka mwaka 1809 kaka mmoja alipowapa nyumba kijijini Chawton. Hati miliki ya Pride and Prejudice aliiuza kwa pauni 110. Alitaka 150. Kitabu kikatoka bila jina lake. Alifariki mwaka 1817 akiwa na miaka arobaini na moja.

Kwa hiyo kitabu chenye habari za Charlotte kilipotoka, mwandishi wake alikuwa ameshaishi miaka ya baada ya kukataa. Alijua bei yake. Akampa Charlotte umri ule ule uliokuwa ukimnyemelea yeye alipoposwa, miaka ishirini na saba. Siwezi kuapa kwamba alifanya kwa makusudi. Ila mimi siwezi tena kusoma umri ule bila kuona ile asubuhi ya Desemba.

Na kuna lingine, hili ndilo lililonimaliza. Ile posa ya kwanza ya Darcy, ile ya mvua, kitabuni haina mvua. Haina nguzo wala vichaka. Inatokea sebuleni, nyumbani kwa Charlotte! Elizabeth amekwenda kumtembelea rafiki yake kwenye nyumba ya mchungaji, siku hiyo wenyeji wametoka kwenda kunywa chai kwa Lady Catherine, yeye kabaki na kichwa kinauma. Darcy anaingia. Ina maana kama Elizabeth angeendelea kununa, asingekwenda kwa Charlotte, asingekutana na Darcy kule, na hadithi nzima ingebaki Hertfordshire. Mapenzi yale makubwa yalipata nafasi kwenye nyumba ya mwanamke ambaye tulisema ameolewa kwa njaa. Joe Wright alipowatoa nje kwenye mvua alitupa picha nzuri isiyosahaulika, naipenda mpaka leo, lakini aliwatoa pia chini ya paa la Charlotte.

Makala ya mhariri niliandika, ilikuwa ya kawaida tu. Jumamosi iliyofuata nikapanda basi la Morogoro.

Sikuwa nimemwambia rafiki yangu kwa nini nakuja. Nilisema napita. Alinipokea stendi na pikipiki mbili, moja yangu moja yake, amenenepa kidogo, anacheka kama zamani ila si sana kama zamani. Nyumba yao iko nyuma ya duka. Shemeji alikuja kunisalimia, "Karibu sana shemeji," akakaa, akaanza kunieleza bei ya bati geji ishirini na nane na jinsi ilivyokuwa mwaka juzi. Alieleza kwa muda mrefu. Ni mtu mwema, nataka niseme hivyo. Baada ya nusu saa hivi rafiki yangu akamwambia kwa upole, "Baba, nadhani kuna wateja," naye akaenda. Sikusikia mteja yeyote. Nikamtazama, akaniangalia usoni bila kupepesa, tukaangua kicheko.

Maana Charlotte naye! Kitabuni alichagua chumba cha nyuma kuwa cha kukaa, kwa sababu cha mbele kilikuwa kizuri mno, mume angeshinda humo. Na alikuwa akimhimiza sana mumewe kulima bustani, kwamba ni nzuri kwa afya.

Nilimwomba radhi jikoni, akiwa anamenya vitunguu. Nikasema, "Nisamehe kwa ile kicheni pati."

Akasema, "Ile safari yako ya kikazi ya Jumamosi?"

Sikujibu. Akaendelea kumenya. Akasema yeye hakuumia kwa sababu sikuja, wengi hawakuja. Aliumia kwa ile simu, maana alinipigia mimi wa kwanza, hata kabla ya mama yake, na nilipomaliza kuongea hakuwa tena na hamu ya kumpigia mama yake. Sikutegemea kwamba jambo lina kina hicho. Nilisimama na kisu mkononi sijui nikate nini.

Usiku tukaitazama sinema, runinga kubwa safari hii na umeme upo. Mtoto wa kambo wake alilala magotini kwake kabla hata dansi ya kwanza haijaisha. Ule mkono wa Darcy tulirudisha mara mbili. Mvuani hakupiga kigelegele, alimfunika mtoto masikio. Nakala yangu ni ile yenye mwisho wa Kimarekani, wanaobusiana usiku huko Pemberley. Uingereza waliimaliza kwa baba, Donald Sutherland, peke yake na vitabu vyake, amebariki ndoa na machozi yanamlenga. Mimi napenda zaidi wa baba.

Ilipoisha akauliza, "Na yule aliyeolewa na mchungaji, aliishia wapi?"

Ni kweli, filamu haisemi. Nikamwambia ya kitabuni. Kwamba karibu na mwisho kwenye barua moja ya Collins tunaambiwa Charlotte ni mjamzito. Na kwamba Lady Catherine alipopandwa na hasira kusikia Darcy anamwoa Elizabeth, Charlotte alimchukua mumewe wakaenda kwa wazazi wake, karibu na kina Elizabeth, wasubiri moto upoe, kwa sababu yeye mwenyewe aliifurahia ile ndoa kutoka moyoni.

"Kwa hiyo yeye alifurahi," akasema.

"Alifurahi."

Akaniangalia kidogo. Kisha akamnyanyua mtoto begani, akaniambia nizime runinga na nikague kama shemeji amefunga komeo la mlango wa uani, huwa anasahau.